Meli Moja Tu, Lakini Kubwa

Shoga, soma haya kabla hujamfungulia mtu mlango.

Yule mshauri wa biashara aliyemteka akili mwanangu kaja naye kwangu leo. Suti imembana kama ngozi ya ngoma. Kakaa kwenye kochi langu, katoa simu. "Mama, tazama mstari huu. Unapima nchi yetu ilivyounganishwa na meli za makontena duniani. Umepanda!" Kwa hiyo eti nyumba iwekwe rehani, ijengwe yadi ya makontena.

Nyumba, shoga! Hii ninayolala! Na marehemu mume wangu aliiandika kwa jina la mtoto.

Nikamwuliza, "Kampuni za meli zinazokuja hapa ni ngapi?"

"Zilikuwa tano, mama. Sasa ni moja."

Moja!

"Lakini meli zake ni kubwa mno, na ukubwa nao unahesabiwa. Ndiyo maana alama zimepanda."

"Na hiyo moja ikinuna?"

Akacheka, eti haya ni ya kitaalamu. Mtaalamu gani! Maduka matano ya mtaani yakifungwa, likabaki moja lenye mlango mpana, utasema mtaa umeneemeka? Debe tupu lile.

Kilichoniuma ni mwanangu. "Mama, nyamaza, unaniaibisha." Mbele ya lile debe! Jumatatu mwanangu anatia saini ya rehani.

Na namba yako mwanangu kampa huyo mshauri, wanatafuta nyumba nyingine za rehani. Akija kwako, asivuke hata kizingiti.

Halafu mpigie mwanao. Mimi hanisikii tena. Wewe ndiye uliyemnyonyesha nilipolazwa, labda kwako atasikia haya.