Jani la Sale Mlangoni mwa Tela

Masama, Jumanne.

Tela limeondoka. Kampuni ya malori imekubali kulivuta mpaka Tabora kwa kaka Anselmi. Alilijenga mwenyewe, na kitanda ndani, kabla baba hajamfukuza.

Baba haamki tena kitandani. Jana, kabla tela halijashushwa Moshi, alilipiga fundo jani la sale, akaniambia nilifunge mlangoni. Mchagga akiletewa sale hakatai kusamehe.

Leo nafika Moshi, namkuta dereva, mtu wa Tanga, amelisafisha tela linang'aa.

“Palikuwa na jani mlangoni, dada. Nimelitoa, mbuzi wakalila.”

Hasira bado ninayo, ila ningemlaumu vipi? Hakujua. Na lori lilikuwa linanguruma tayari, kurudi Masama kusingewezekana.

Nilichuma jingine kwenye mpaka wa shamba la watu pale Njoro, hapo hapo Moshi, nikalipiga fundo mwenyewe na kulifunga mlangoni.

Niliporudi baba aliniuliza, “Jani lipo?”

“Lipo, baba.”

Akalala usingizi mzito, ambao hajaupata tangu augue.

Anselmi akilipokea jani hilo, sijui atakuwa amemsamehe nani.