Dakika Mbili Nilizomupunguzia Éphraïm

Butembo, tarehe 20 Juni 2001

Mpendwa yaya wangu Berthe,

Wabukire, yaya. Habari ya siku nyingi huko Kampala? Bwana yako na batoto banaamkaje? Na ule mukono wako wenye ulikuwa unakuuma ku baridi, ulipona? Kama ungali unauma, uukande na maji ya moto, hapana kunyamaza tu na kuendelea kushona.

Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Bwana yangu Stanislas eko muzima. Yolande ameota meno mbili, na saa ya kunyonya ananiuma mpaka napiga kelele, naye anacheka. Mama eko kwake Musienene, maharagi yake ilizaa muzuri. Lakini mambo yenye nitakuandikia hapa, yeye hajayajua bado. Ukimuandikia, hapana kumugusia.

Barua hii inakuja mu mukono ya Ézéchias, dereva wa camion, ule mwenye kicheko kubwa. Umupe chakula mbele ya kuisoma, kisha ukae chini. Ni mambo ya mudogo wetu Éphraïm.

Unajua kama Éphraïm alianza kutembeza piki-piki, ile ya zamani yenye Stanislas alinunua ku mission. Hapa kuko club moja banaiita Club ya Vumbi. Ni bafundi na babeba-mizigo ba barabara ya Beni, na Siku ya Mungu kisha misa banashindana ku terrain ya mupira, bongo yote inakuwa ku mbio. Mwezi huu bakasema, tufanye course ya kweli: kutoka Butembo mpaka Beni. Batu kumi na mumoja, mumoja anatoka, kisha dakika tatu mwingine anatoka, ili basigongane mu vumbi. Mwenye kutumia dakika kidogo ndiye wa kwanza.

Juu ya kupata ruhusa, ilipashwa kuandikia basoda benye kushika barabara karatasi: jina ya kila mutu, mutaa ao quartier yake, piki-piki yake iko namna gani, na kisha course, dakika za kila mumoja. Yaya, unatujua sisi batu ba hapa, tukiona cachet, muhuri ya bakubwa, tunatulia. Tulifurahi hata. Hakuna mutu alijiuliza basoda banataka dakika zetu za kufanya nini. Na mwandikaji nilikuwa mimi, mimi wa darasa la tano! Banasema mukono wangu unasomeka. Nilivimba kichwa, nakuambia kweli.

Basi Jumamosi nikapanda camion na Yolande ku mugongo, niende kungojea Beni. Stanislas alibaki Butembo wa kuandika saa ya kutoka. Tulikuwa tumeweka masaa yetu sawasawa na ya radio, yake na yangu.

Ku mulima ya Kabasha tulikuta bariera haina mutu. Kamba ilikuwa imelala chini mu vumbi, na sufuria ya basoda iko pale ku majivu, ugali ndani. Dereva alifunga kioo, na joto ile yote. Mbele kidogo tukakutana na batu, mustari murefu, banatoka upande wa Mabalako. Banabeba magodoro ku kichwa, na mama mumoja anavuta mbuzi. Nikamuuliza, « Mama, kuko nini? » Akanijibu, « Hakuna kitu, mutoto wangu. Tunatembea tu. » Kutembea na godoro, yaya?

Siku ya Mungu, kisha misa ya kwanza, niliketi ku rond-point, muzunguko ya barabara kule Beni, na daftari yangu. Batu balikuwa bengi, banapuliza mafilimbi, batoto banapanda miti. Commandant mumoja alileta kiti chake cha plastique akakiweka karibu yangu. Banamuita Mukendi, ni mutu wa Kasaï. Mupole, viatu safi, alimushika Yolande mukono na kumuita « madame ». Aliniuliza, « Mama, kutoka Butembo mpaka hapa, mutu mwenye mbio anatumia saa ngapi? » Nikamuambia, saa moja na robo, kama Mungu anapenda. Akafikiri. Kisha akauliza, « Na kama anabeba kilo makumi tatu ku mugongo? »

Nilicheka, nikamujibu, « Inategemea, commandant. Kama kilo zenyewe zinalia kama hizi zangu, atakimbia zaidi. » Alicheka pia. Mais meno tu ilicheka.

Wa kwanza alikuwa Malachie, fundi wa redio. Wa pili, Kahongya, ule mwenye kubeba samaki. Kisha Éphraïm akatokea, mweupe kabisa na vumbi, macho tu ndiyo inaonekana. Alikuwa ameanguka ku Kabasha, kiwiko chake kinatoka damu. Mupira wake wa nyuma ulikuwa umeshonwa na waya, yaya, namna mutu anashona kiatu! Akapiga kelele, « Kanyere! Mi niko wa ngapi? »

Zawadi ya wa tatu ilikuwa mupira mupya wa piki-piki.

Alikuwa ametoka Butembo saa tatu kamili. Aliingia Beni saa ine na dakika makumi mbili na moja. Mi niliandika kumi na tisa. Ni hiyo tu. Dakika mbili. Nilimuona na ile damu, nikamukumbuka akiwa mudogo anajifunga ku kanga yangu, mukono ukaandika wenyewe. Hapana, si wenyewe. Ni mimi niliandika.

Nyuma yake, saa ine na dakika makumi mbili na tatu, akafika Abdias, ule kijana mwenye bibi yake alizaa juma lenyewe lile. Karatasi ikasomwa mbele ya batu bote: Éphraïm wa tatu. Balimubeba ku mabega. Commandant Mukendi alipiga mikono, akachukua karatasi yangu, akaikunja muzuri, akaitia mu mufuko ya shati.

Siku ya pili, kisha kurudia Butembo, Abdias akafika kwetu. Hakuketi. « Mama Yolande, saa yako ilikunywa pombe ya kasiksi? »

« Saa yangu haikunywa kitu, Abdias. Karibu kiti. »

« Nilifika dakika mbili nyuma ya Éphraïm, ndiyo. Mais nilitoka dakika tatu nyuma yake. Donc? Hata mutoto wangu wa siku tano anaweza kuhesabu ile. »

Nilimuambia kama amekosea. Akaniangalia, akasema atarudi. Éphraïm hakuwa nyumbani, alikuwa amekwenda kuonyesha mupira wake mupya mu mitaa, kama mutu anaonyesha mutoto.

Jumatano soda mumoja akapiga hodi na karatasi. Niliitambua mbele hajaifungua. Ni mukono wangu, yaya, na ule wino wangu wa bluu. Bamechora mustari mwekundu chini ya jina la tatu, na juu yake bameandika: batatu ba kwanza bafike bureau ya basoda Ijumaa asubui, na piki-piki, na blanketi moja. Redio za basoda hazisemi tena, inafaa batu ba kupeleka barua na mabatiri mbele ya Oicha, kule kwenye banapigana. Banachagua bale bana mbio. Juma moja tu, akasema. Stanislas akamuuliza, na kama mutu eko mugonjwa? Soda akamujibu pole pole kabisa, « Papa, quartier yenu iko imeandikwa hapa. »

Nilikuwa nafikiri: niseme kweli. Niende kwa commandant niseme niliiba dakika mbili, Éphraïm ni wa ine. Mais sasa wa tatu ni nani? Ni Abdias. Na bibi yake hajatoka hata inje na mutoto.

Alhamisi Abdias akarudi. Hakujua kitu ya karatasi, yaya! Alikuja kuomba ile ile, kwa sauti, na majirani banasikia: « Mama Yolande, mi nataka nafasi yangu. Niandike mu nafasi yangu! » Ulimi wangu ulikuwa ushafunguka. Neno moja tu, « ndiyo », na mudogo wetu alikuwa anabaki. Nakuambia wewe peke yako: nilitaka kulisema. Nilitaka sana. Nikaona ameshika ku mukono kitambaa ya mutoto, amesahau kukiacha nyumbani.

Nikasema, « Abdias, ni kweli. Nilikuibia. Mais rudi kwako, nakuomba, hapana kudai tena. »

Éphraïm alikuwa pale chini, anapaka mafuta ku munyororo wa piki-piki. Alisikia yote. Kwanza akacheka, anafikiri ni mchezo. « Kanyere, kweli? Mi si wa tatu? »

« Hapana, kaka yangu. Wa ine. »

Alipangusa mikono yake muda murefu, kila kidole. Nilingoja aseme twende bureau. Alisimama akafungua mupira mupya ku gurudumu, akarudisha ule wa waya. Ule mupya akamusukumia Abdias. « Huu ni wako, bwana. Ile nafasi, uniachie. »

« Unaniachia mupira na unashika nafasi? Éphraïm, ulianguka na kichwa? »

« Nenda kwa bibi yako. Kesho utaelewa. »

Abdias akaenda anausukuma ule mupira mu barabara, anapiga filimbi. Mi nilimufuata Éphraïm nyuma ya nyumba, nikalia, nikamuambia basi tuseme kweli bote, commandant ataona namna. Akaniambia, « Ataona namna gani? Atachora mustari chini ya jina lingine. Yaya Kanyere, nyamaza. Wewe ulinipenda mubaya, mais ulinipenda. »

Ile neno inanitembea mu kichwa mpaka leo.

Ijumaa balitoka batatu, ku barabara ya Beni. Nilimufungia mihogo ya kuchoma na chumvi. Nikamusemesha ku sikio: ukipata njia, hapana kurudia huku Butembo, shika barabara ya Kasindi, uvuke mupaka, uende kwa yaya Berthe. Alimubusu Yolande ku kisogo, akawasha piki-piki.

Jana Malachie alirudi kwa miguu, bila piki-piki, bila viatu. Amekaa kwa mama yake, haongei sana. Stanislas alienda kumuona. Malachie anasema Jumamosi balimupakia Éphraïm mufuko munene ku mugongo, bakamutuma peke yake mbele. Kufika kule kwenye alitumwa, hakufika. Kurudi ku bureau, hakurudi. Basoda banamutafuta nao. Ya Kahongya, Malachie hataki kusema, akisikia ile jina anageukia ukuta.

Stanislas anasema nisijidanganye. Mais mi nasema, mutu mwenye hakufika na hakurudi, kuko njia ya tatu. Ile barabara ya Kasindi eko anaijua. Na miguu yake ni mizima, na alikula vizuri siku ya kutoka.

Donc hii ndiyo ninakuomba, yaya. Kila siku, ukitoka ku cherehani yako, upite pale camions za Kasindi zinashushia mizigo. Hapana kutafuta piki-piki, ataiuza ao ataiacha. Hapana kutafuta mutu munene, atakuwa amekonda. Angalia ku kiwiko cha kuume, kuko kidonda kipya. Ukimuona, hapana kumugombeza juu ya kitu yoyote. Makosa ni yangu. Umuogeshe, umupe blanketi. Na umuambie kama dada yake hamuandikii saa tena. Achelewe namna anapenda, afike tu.

Stanislas anakusalimia, anasema asante kwa ile nguo ya Yolande, inamutosha sasa. Mama bado hajajua, mais nikienda Musienene nitamupa salamu zako tu, si habari hii. Unisalimie bwana yako na batoto, mumoja kwa mumoja. Wasingya, yaya, kwa yote utafanya. Bikira Maria akufunike wewe na mulango wako, aufanye mulango wa kufunguka haraka.

Ni mimi mudogo wako anayekupenda sana,

Kanyere, mama Yolande