Mama Mkwe kwenye Sufuria ya Mbuzi

Nashoni, leo Jumamosi, tarehe 9 Juni 1956, nimeaibika. Nakuandikia nyuma ya mkahawa wa Mhindi hapa Nyamisangura, sahani bado ninayo mkononi.

Kosa ni la chifu. Ndiye aliyemruhusu Mhindi aweke vyakula vyote meza moja, wanaume kwa wanawake wajipakulie mpaka washibe.

Narudia mara ya tatu, nakuta bibi mmoja ameinamia sufuria ya mbuzi, hatoki. Nikamwambia, "We bibi, hiyo nyama si yako peke yako!"

Akageuka. Mama yake marehemu mke wangu Mokami! Mkwe wangu, ambaye kwa mila yetu hata njiani nikimwona naingia porini! Mdomo wake umejaa, wangu umejaa.

Nashoni, nimemwambia mkwe hiyo nyama si yako peke yako!

Nikajifunika uso kwa chapati. Mhindi akapiga kelele, "Mzee, hiyo ya kula!" Chifu anatafuna tu.

Mkwe naye kajitupia kanga kichwani, analia, "Mwambieni huyo mtu alete mbuzi wa kunisafisha!"

Mbuzi wangu ni yule mmoja tu, unamjua. Sasa niambie wewe: mke akishakufa, mama yake bado ni mkwe?