Baba, Nimenunua Ile Isiyobadilishwa Lenzi

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huniitikii, lakini sikuanza leo kusema nawe bila kujibiwa. Nimenunua kamera ya dijitali, na kabla hujauliza, ndiyo, ni ile ndogo. Lenzi yake haifunguki wala haibadilishwi. Mwanangu Athumani, mjukuu wako, alinisihi dukani nichukue ile kubwa ya lenzi za kubadilisha. "Mama, utajuta. Mpiga picha wa kweli hanunui hii." Nilicheka hadi muuzaji akanitazama vibaya. Sauti ilikuwa yake, maneno yalikuwa yako.

Unakumbuka miaka ile ya shida, studio yetu ya Makorora ilivyokuwa na kamera kubwa na lenzi zake zote, na mkanda wa filamu wa kutia hakuna? Kila asubuhi ulizifuta lenzi kwa kipande cha kanzu kuukuu, hata tulipokosa sabuni ya kufulia. Nilikupenda sana asubuhi hizo. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, mikanda ikarudi madukani, na watu wakaanza tena kuita wapiga picha harusini. Ukanituma mimi upande wa wanawake, kwa kuwa wewe usingeweza kuingia. Ukanifungia lenzi ndefu kwa mkono wako mwenyewe. "Simama mlangoni, usiwasonge watu. Hiyo ndiyo heshima."

Nikasimama mlangoni, Tongoni, harusini kwa binti wa rafiki yako. Bibi harusi amepambwa, udi unafuka, wanawake wamevua mabuibui, wako vichwa wazi wanacheza. Nilipoinua lile lilenzi, wakaacha kucheza. Leso zikapanda vichwani. Somo wake, yule mama aliyemfunda, akanijia mikono kiunoni.

"We mwana wa nani? Mbona watuchungulia? Wataka picha, vua viatu uje ukae nasi. Mlangoni hapo wasimama wezi!"

Mle ndani kila mtu alimwelewa. Anayekaa mkekani ni mwenzao, na anayetazama toka mlangoni anawaibia. Wewe hukulijua hilo, maana hukuwahi kuvua viatu kwenye mlango ule.

Nikavua, nikakaa. Lenzi yako ikakataa kuona cha karibu, bibi harusi akawa ukungu mtupu. Nikaanza kubadilisha lenzi palepale, katikati ya moshi wa udi na vumbi la liwa, na nilipomaliza bibi harusi alikwisha lia, akacheka, akafunikwa. Picha zikatoka na madoa. Ukasema mkono wangu mzito.

Mkono wangu haukuwa mzito, baba. Ulinipa kamera ya mtu wa mlangoni.

Ndiyo maana Mjomba alipovuka kutoka Pemba na bidhaa zake, akaniambia nichague zawadi, niliviacha vitenge nikachukua kamera ndogo. Ukaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hiki cha kuchezea. Ukienda nacho, usiseme wewe mpiga picha." Iliniuma, na inauma mpaka leo. Nikaenda nayo hivyo hivyo, Makorora, Nguvumali, na Tongoni kwa yule yule somo. Nikitaka uso wa mtu, nasogea hapo hapo mkekani, goti kwa goti. Nawe ukizidi kuwaambia watu, "Binti yangu ananisaidiasaidia harusini."

Mama alipofariki ukatafuta picha yake. Kamera yako kubwa ilikuwa na moja tu, amekaa wima, macho sakafuni. Nikakuletea yangu. Nilikuwa nimewakata shoga zake pichani kwa mkasi, maana hukuwa na ruhusa ya kuwaona, akabaki mama peke yake, kichwa nyuma, anacheka na pengo lake wazi.

"Kaipiga nani?"

"Mimi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nimekaa naye."

Ukaitia chini ya mto wako, ikakaa hapo hadi siku tulipokutoa kwenda kukuzika. Lakini lile neno ulilonikataza kujiita, hukulisema. Nilikuuguza, nikakuosha miguu, nikalingojea, nawe ukageukia ukutani.

Sasa Athumani ananiambia lenzi za kubadilisha zinafika mbali. Zifike. Anayepiga picha za mpira na za ndege azinunue, na Mungu amzidishie. Watu wangu wako karibu, na nikitaka kuwaona vizuri nina miguu. Nimekukasirikia, baba, na ninakupenda, na sioni kwa nini niache kimojawapo ili kukupendeza.

Studio naifungua tena, mlango ule ule. Fundi wa vibao aliniuliza jina lipi litangulie, lako au langu. Nikamwambia langu.

Pumzika salama.

Bintiyo, mpiga picha