Ini la Kondoo wa Mzee Lazhar

Rim, nimejifungia chooni kwa Mzee Lazhar. Nimetapika mpaka nyongo.

Ile haradali yetu, tuliyoibadilisha vinasaba ifyonze sumu ya kiwanda shambani kwake? Inafyonza, mwenzangu. Inafyonza kweli.

Leo sikukuu ya Idi, mzee kanialika. Kachinja, kachoma ini, sahani nzima kanipa mimi mgeni. Yeye anakula mkate na zeituni. Nikadhani ni heshima.

Nimelamba mpaka vidole. Nikamsifu, "Kondoo kanona huyu, umemlisha nini?"

"Majani yako, Daktari. Miezi mitatu."

Miezi mitatu, Rim.

Nikamwambia, "Mzee, si nilikuambia yale majani ni sumu? Si niliweka kibao?"

Hata sauti hakupandisha. "Mwaka juzi mke wangu anakufa kwa figo, nani alitia saini kwamba udongo huu hauna neno? Si wewe? Sasa jani la udongo usio na neno litakudhuru vipi, binti yangu?"

Nikakimbilia huku chooni. Nilitia saini mimi. Wewe unajua.

Sasa yuko mlangoni, anagonga taratibu.

"Toka, Daktari. Bado figo. Nimekuwekea zote mbili."