Baba, na Uso Uliouacha Mtupu

Baba, ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, na nyumba hii bado haijatulia.

Ulipaka rangi mabehewa karakanani mpaka ukastaafu, kisha ukaanza kuchora watu waliotandika reli. Zile picha zao za zamani ulizishika kwa hasira. "Ona! Wakubwa wako mbele kwenye viti, wanaonekana mpaka vifungo vya koti. Waliobeba reli wako nyuma, ukungu mtupu!" Basi ukawachora wa nyuma, wakubwa ukawaacha nje.

Ulikuwa mpole, ila ubishi wako ulitutoa jasho. Sura ya kubuni hukuitaka. Ulimtafuta kwanza mtoto au mjukuu wa mtu, ukamkalisha, ukachora kwa kumtazama yeye. Mume wa Dada alipokuja kujitambulisha, hukumuuliza ana kazi gani. Ulimwambia ageuke uone masikio. Maskini shemeji yetu, nusura atoke mbio.

Mchoro wako wa mwisho una wanaume waliobeba reli moja, na mmoja wao hana uso. Wenye stesheni wanautaka ukutani kwao. Wanasema tumalizie sura yoyote, nani atajua? Kaka akakubali. Mimi, uliyenifundisha kushika brashi, nikakataa katakata. Tumegombana mpaka majirani wamezoea. Mama naye kila siku anauhamisha, mara sebuleni, mara chumbani, haupati pa kukaa.

Juzi dada yako, Shangazi, alisimama mbele yake akashika kiuno. "Mbona huyu ni baba yetu? Hayo mabega nitayasahau? Na kaka yangu alijua, mume wako huyo!" akamgeukia Mama. "Nilimwambia amchore, akanijibu, 'Dada, nikimmaliza nitakuwa nimemzika mara ya pili.'"

Hapo hofu yako ikawa yetu. Tukimmaliza yeye, si tutakuwa tumekuzika na wewe? Nikasema tuuache hivyo hivyo.

Kaka akavuta kiti dirishani, akakaa. Sura yake ni yako, na Shangazi anasema yako ilikuwa ya baba yako, hamkuachana hata kidogo. Bado sikusogea. Mama akaniwekea brashi zako mkononi.

"Mchore," akasema. "Mimi nataka kumwona mume wangu tena."

Unakumbukwa na Mama, Shangazi, Kaka, Dada na mumewe, wajukuu, na mimi kitinda mimba wako. Tutakukumbuka daima, Baba, maadamu tunapumua.