Mshiriki wa Saba

Dada Rose,

Kericho mvua haijakoma tangu asubuhi, na viatu ulivyonipa vimeshiba matope. Unajua wiki jana nilitetea tasnifu yangu ya uzamili, ile ya jinsi akili inavyoongoza mikono. Maprofesa walinisifu kwa kulinda siri za washiriki: hakuna jina hata moja, ni namba tu. Nilijivuna sana.

Leo nimempelekea Mama Chebet nakala, kama nilivyomwahidi. Ndiye yule mchuma chai ambaye vidole vyake hukata majani mawili na chipukizi kabla macho hayajafika. Tangu nimalize kumpima kwa utafiti wangu, kampuni ya chai imeleta mashine za kuchuma, naye amefutwa kazi.

Alipangusa mikono kwa leso, akakifungua kitabu polepole.

"Hapa umesema nani alishinda wote kwa haraka?"

"Ni wewe, Mama."

"Basi nionyeshe jina yangu. Kesho naenda kuomba kazi kwa shamba ingine, nataka wasome."

Nikamwonyesha: Mshiriki wa Saba. Akaigusa ile namba kwa kidole.

"Nipe kalamu niandike mwenyewe, hapo kando."

Nikafikiria ile fomu ya kulinda siri za washiriki niliyotia sahihi. Nikamwambia sina. Akanirudishia kitabu, akanimiminia chai.

Msalimie Mama hapo nyumbani, nawapenda nyote, ila kuku wa sherehe ya tasnifu yangu asichinjwe kwanza. Kalamu nilikuwa nayo, Dada. Ndiyo hii ninayokuandikia.

Mdogo wako,
Achieng